Mbuzi Hayumo Kwenye Wimbo

Uru, 9 Machi 2024

Baba mdogo Ildefonce,

Shikamoo. Huku tu wazima. Bibi anakula vizuri na anagombana na kuku kama kawaida. Baba yuko kule bondeni Mabogini na mpunga wake. Jumapili alipanda huku akiwa na gunia la mchele na maumivu ya mgongo, vyote viwili akatuachia sisi. Ng'ombe amezaa dume. Kahawa ya upande wa chini wa kihamba, shamba letu la nyumbani, imeshika vizuri, ya upande wa juu imeshika kwa adabu tu. Natumaini Tabora nako mvua ipo.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwaka jana shuleni kwetu walipita wageni waliokuwa wametoka kupanda Mlima. Waliwaona watoto wamebanana kwenye madawati, wakaguswa, wakaahidi msaada. Sasa msaada umefika. Ni kompyuta, maiki mbili, hedifoni, na mashine ndogo yenye vitufe vya kuzungusha. Madawati hayakuja. Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Ebenezeri, ameshawaandikia kuwashukuru na kuwaahidi kwamba watoto wa darasa la tano watarekodi wimbo wao na kuumiksi wenyewe, usikike kwenye mahafali ya darasa la saba mwezi wa tisa. Baada ya kuahidi akaita kikao kuuliza nani anajua kurekodi.

Nikasema baba yangu mdogo alikuwa fundi sauti studio, Dar es Salaam, miaka mingi.

"Basi, Mwalimu Dominika," akasema, "hilo ni lako."

Mimi najua kuimba sauti ya pili kanisani. Hizo waya sizijui. Nimekupigia simu mara nyingi, inaita tu. Bibi naye amejaribu kwa simu ya jirani. Nakuomba unielekeze, hata kwa barua. Na Krismasi mbili hukuja. Siulizi, nakumbusha tu.

Mwanao,
Dominika

Tabora, 30 Machi 2024

Mwanangu Dominika,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka samaki, kwa hiyo najua ndani ya basi ilikaa jirani na nani. Mimi ni mzima. Mwenye nyumba wangu, Mama Shedrack, anakusalimu. Hakujui, ila husalimia watu wote.

Simu nimeiuza. Ukiwa na neno, andika. Barua haikatiki katikati. Pia usishangae ukisikia kwamba sitengenezi redio tena. Natengeneza pasi na feni. Pasi haina maneno mengi.

Sasa kazi. Kwanza, hivyo vyombo viacheni kabatini. Watoe watoto nje, wakae chini, wafumbe macho, kisha kila mmoja aseme anachosikia. Asiyejua kusikiliza atakurekodia kelele aziite wimbo. Pili, msirekodie darasani. Chini ya bati tupu sauti inakimbia huku na huku kama mwizi aliyefungiwa. Tafuteni chumba kidogo chenye vitu vingi laini, stoo ya magodoro au ya nguo, mtundike mablanketi ukutani. Tatu, mdomo ukae shubiri moja kutoka kwenye maiki. Isiliwe kama hindi. Nne, kila sauti irekodiwe peke yake, kwenye treki yake. Taa nyekundu ikiwaka, shusheni. Sauti ndogo mtaipandisha baadaye, lakini sauti iliyochanika haishoneki.

Mwambie Mama niko vizuri.

Baba yako mdogo,
Ildefonce

Uru, 27 Aprili 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Salamu zangu zimfikie na Mama Shedrack, maana mimi pia simjui. Masika yametukalia. Njia ya kwenda shule imekuwa mto, na mto umekuwa kitu kingine. Bibi ana mafua, lakini hakubali kuyaita mafua.

Tulifanya ulivyosema. Nimewaketisha watoto nyuma ya jengo la ofisi, macho yamefumbwa. Jesse, ambaye darasani hatulii kabisa, alisema anasikia maji ya mfereji wa mfongo yanavyopita kwenye mawe. Kindness ni mtoto wa Elinipendo mwenye duka hapo njia panda, mpole, haongei mpaka aulizwe. Alisema, "Nasikia Mwalimu Mkuu anakunywa chai." Nikamwambia haiwezekani, ukuta ule ni mnene. Tukazunguka kuchungulia dirishani. Alikuwa anakunywa chai. Hakufurahi kukutwa na darasa zima.

Chumba tumepata: stoo ya vifaa vya michezo. Mablanketi ya mtumba tumeyatoa sokoni Kiboriloni, tumetundika hadi darini. Kuna joto kama ndani ya pango la nyuki, ila sauti haikimbii tena. Tatizo ni mvua. Ikinyesha juu ya bati hakuna mtu anayeimba isipokuwa yenyewe. Tunarekodi ikipumua.

Wimbo wametunga wenyewe. Unahusu zamu ya maji ya mfongo, jinsi kila nyumba inavyongoja zamu yake na jinsi jirani anavyoiba usiku kisha asubuhi anasalimia wa kwanza. Mwalimu Ebenezeri aliomba uongezwe ubeti kuhusu uongozi bora wa shule. Watoto waliurekodi vizuri sana. Kisha ukapotea ndani ya kompyuta. Nimeuliza kila mtoto, hakuna anayejua.

Nimekuwekea wimbo kwenye memori kadi, nimeibandika chini ya ukurasa huu kwa selotepu. Sikiliza utuambie.

Bibi nimemwambia umeuza simu. Amesema, "Mtu mzima hauzi simu yake. Simu ya mtu huuzwa na warithi."

Mwanao,
Dominika

Tabora, 18 Mei 2024

Mwanangu Dominika,

Marahaba. Mpe Mama pole ya mafua, au ya hicho anachokiita yeye. Huku jua limerudi, maembe bado sana.

Wimbo umesikilizwa. Maoni ni haya. Mtoto wa pili anaimba kama hajala. Yule wa kike mwenye sauti nyembamba ana adabu, atafika mbali. Wimbo unaanza haraka kabla mtu hajapata pa kukaa. Kuna mahali mnasema jirani ni mwizi; ni kweli, wapo. Na huyo mbuzi mtoeni. Analia katikati ya ubeti wa pili, anaharibu.

Mama asiwe na wasiwasi kuhusu simu.

Baba yako mdogo,
Ildefonce

Uru, 15 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi tu wazima, isipokuwa dume la ng'ombe limekula shuka la Baba, na Baba anasema lilikuwa shuka zuri.

Baba mdogo, mbuzi hayumo.

Tumemtafuta wiki nzima. Niliwaambia watoto kwamba fundi wa Tabora amesikia mbuzi, na hakuna aliyethubutu kusema hamsikii. Walivaa hedifoni kwa zamu, wakasikiliza treki moja moja, na kila treki ikatoa kitu. Wamesikia Kindness anavyovuta pumzi kabla ya kila mstari. Wamesikia mlango wa stoo. Wamesikia kengele ya shule ya jirani, ambayo inagongwa kabla ya yetu, na hilo limeleta maneno kati ya walimu wakuu. Kisha Kindness akavua hedifoni akasema, "Mwalimu, kwenye kiitikio Jesse hayupo."

Tukasikiliza treki ya Jesse. Ni kweli. Mtoto alisimama mbele ya maiki, akafungua na kufunga mdomo kiitikio kizima, bila sauti. Nikamuuliza kwa nini. Akasema sauti yake imeanza kukatika, inapanda na kushuka bila ruhusa, akaogopa wenzake watamcheka, akaona afadhali aonekane anaimba.

Hakuna aliyemcheka. Wote walikuwa wanamfikiria mbuzi.

Sasa nieleze: mbuzi uliyemsikia yuko dakika ya ngapi? Na hayo maoni mengine, baba mdogo, nisamehe, lakini nilikuwa nakungoja uniambie habari za maiki na vitufe. "Anaimba kama hajala" ni maneno ambayo hata Bibi angeweza kuyasema.

Mwanao,
Dominika

Tabora, 6 Julai 2024

Mwanangu Dominika,

Marahaba. Pole kwa shuka.

Mbuzi achaneni naye.

Huyo Jesse msimlazimishe kupanda juu. Mwambie sauti inayovunjika ni ya chini, bado haijapata nyumba. Mpe mistari ya chini, aimbe kama anayeongea.

Sasa habari za kumiksi, maana naona mmefika. Kila mtoto atataka sauti yake ipandishwe. Mtapandisha huyu, yule atalalamika, mtampandisha naye, mwisho taa zote nyekundu na hakuna wimbo. Kumiksi ni kuwapanga watu kwenye benchi. Asiyesikika si lazima apandishwe. Pengine jirani yake ndiye ashushwe. Anzeni na sauti moja inayobeba wimbo. Wengine waingizeni mmoja mmoja, na kila anayeingia muulizane, amekuja kusaidia au amekuja kuonekana? Mwangwi wekeni kidogo kama chumvi. Mkimaliza, zimeni, nendeni mkacheze, msikilize tena kesho. Sikio lililochoka husema uongo.

Kazi hii niliipenda sana. Watoto wasifundishwe kwa haraka.

Ildefonce

Uru, 3 Agosti 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako niliwasomea watoto yote, na ile ya benchi wameiandika ubaoni. Mwalimu Ebenezeri aliiona akadhani tumepata madawati.

Tumemiksi. Umechukua muda, kwa sababu ulivyosema ndivyo ilivyokuwa: kila mtoto aliyekaa kwenye kompyuta alijipandisha mwenyewe na kuwashusha maadui zake. Nikafanya kila mtoto amiksi sauti ya mwenzake, haruhusiwi kugusa ya kwake. Hapo kukawa na amani, yaani kukawa na woga, ambao ni karibu sawa. Miksi ya mwisho ameifanya Kindness, na Jesse amekaa pembeni yake akiona wivu kimyakimya. Mistari ya chini ameimba yeye. Ni mibaya kidogo na ndiyo ninayoipenda.

Jesse ndiye aliyenakili kwenye kadi, nimeibandika hapa chini kama ile ya kwanza.

Baba mdogo, Bibi ameacha kuuliza utakuja lini. Nikimsomea barua zako anasikiliza, halafu anasema, "Barua anaweza kuiandika mtu yeyote. Hata wewe mwenyewe una mwandiko." Anataka sauti yako. Azima simu ya Mama Shedrack, useme neno moja. Kuna nini?

Mwanao,
Dominika

Tabora, 24 Agosti 2024

Mwanangu Dominika,

Marahaba. Mimi mzima. Mama Shedrack amekwenda Nzega kwenye msiba wa wifi yake, nyumba iko kimya.

Nimewasikiliza kwa makini, tena zaidi ya mara moja. Kazi nzuri. Besi imekaa mahali pake. Kindness yuko mbele bila kuwasukuma wenzake. Jesse anasikika vizuri chini. Na pale mwisho wimbo unavyofifia taratibu mpaka kimya, hapo mmenikumbusha studio. Msiguse kitu tena.

Mama mwambie kazi zimenibana.

Ildefonce

Uru, 7 Septemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Bibi mzima. Baba mzima. Ng'ombe wazima.

Jesse amekuja kwangu analia. Alipotaka kumnakilia Kindness wimbo apeleke nyumbani, akakuta kwamba siku ile ya kadi yako alibonyeza pasipotakiwa. Kadi tuliyokutumia ilikuwa tupu. Haikuwa na wimbo wala kitu chochote.

Na wimbo wetu hauna besi, baba mdogo. Hatuna chombo cha kupiga besi. Wala haufifii mwisho. Unakatika ghafla, pap, kwa sababu watoto walisema ndivyo maji yanavyokatika zamu ya mtu ikiisha.

Sikuulizi kitu. Nakueleza tu habari za kadi.

Mwanao,
Dominika

Tabora, 5 Oktoba 2024

Mwanangu Dominika,

Barua yako imekaa mezani siku nyingi. Nimeigeuza juu chini, imebaki na maneno yale yale.

Mwaka juzi, kabla ya kiangazi, niliugua homa ya uti wa mgongo. Sikuwaambia, nilidhani ni malaria. Nilipozinduka wodini nikamwona nesi anachezesha midomo, nikadhani ananisalia. Baadaye nikaona wodi nzima inasali. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwamba nimepona, ila masikio hayatarudi. Ukizingatia ni daktari, alikuwa na mwandiko mzuri.

Sisikii. Si kidogo, sisikii kabisa. Ndiyo maana natengeneza pasi. Pasi ikipona inapata moto, naigusa naijua. Redio ikipona sina habari.

Wimbo wa kwanza alinisikilizia Mama Shedrack, amekaa uani, ananiandikia kila anachosikia. Mbuzi ni wake. Hakufikiria kwamba mbuzi yuko nje ya wimbo, na mimi sikuwa na njia ya kujua. Kadi ya pili ilipofika yeye hayupo. Niliishika mkononi, nikakumbuka barua zenu, nikaandika jinsi ninavyodhani mngekuwa mmefanya. Ile besi niliisikia kichwani. Ilikuwa nzuri.

Unauliza kwa nini siji. Mimi ndiye kitindamimba, kwa mila nyumba ya Mama na kihamba viko juu yangu. Nitalindaje nyumba ambayo mlango wake ukigongwa sisikii? Na Krismasi unaijua ilivyo huko. Ukoo wote uani, pombe ya mbege inazunguka, watu wanacheka, na mimi nitakuwa nacheka baada yao, kwa kukisia. Nikikosea kukisia watanipigia kelele kama ng'ombe aliyeingia migombani. Nilifikiri nitazoea kwanza ndipo nije. Sijazoea.

Kuhusu simu, sijui hata nikiongea natoa sauti gani. Watu wa sokoni hugeuka. Mama asisikie hiyo, na asiambiwe.

Ildefonce

Uru, 12 Oktoba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Pole. Neno hilo nimeliandika na kulifuta, mwisho nimeliacha mara moja tu.

Mahafali yalifanyika. Wazazi walijaa, mgeni rasmi akachelewa, ngoma ikachezwa mara mbili kumngojea. Mwalimu Ebenezeri akasimama kuutambulisha wimbo "uliorekodiwa na kumiksiwa kwa uongozi wake." Akabonyeza. Spika zikasema, "Zamu ya nani," umeme ukakatika. Watoto wakatazamana. Jesse akaanza mstari wake wa chini palepale, peke yake, bila maiki, sauti inavunjika mbele ya tarafa nzima, na wenzake wakaingia mmoja mmoja kama walivyopangwa kwenye benchi. Watu walipiga makofi sana. Nikamwuliza Kindness ameonaje. Akasema, "Mwangwi ulikuwa mwingi, Mwalimu."

Kwa hiyo kazi yako imefika, baba mdogo, hata kama hukuisikia. Nami sijamwambia Bibi.

Lakini kuna jambo, na nimelijua jana tu. Bibi amekwenda kwa Katekista Thadeus akakuandikisha kwenye Misa ya Marehemu Wote, tarehe mbili Novemba. Jina lako litasomwa pamoja na la Babu. Nilimwambia ni dhambi kumwombea mtu aliye hai kama maiti. Akaniambia, "Akiwa hai, haitamdhuru. Akiwa amekufa, nani mwingine atamwombea?" Kisha akaingia jikoni. Alikaa humo muda mrefu, na hakukuwa na moto.

Nimemwomba akutoe. Amesema atakutoa akisikia sauti yako. Siyo barua.

Tuma sauti. Iwe mbaya, iwe ya kugeuza watu sokoni, tuma. Hapa kuna watoto wanaojua kuzishughulikia sauti. Uliwafundisha wewe.

Mwanao,
Dominika

Tabora, 23 Oktoba 2024

Dominika,

Kadi hii hapa. Safari hii si tupu, nimehakikishiwa. Mama Shedrack alishika simu yake, nikasema. Nikamwuliza kwa ishara inafaa? Akainua dole gumba. Mkono wake mwingine ulikuwa umeziba sikio.

Nilishika koo kwa vidole nijue kama inatoka.

Ildefonce

Uru, 9 Novemba 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Sisi tu wazima, wote. Naandika kwa kirefu, keti.

Kadi ilifika Jumanne ya wiki iliyopita. Nilisikiliza kwanza peke yangu, halafu nikaona mimi si mtu wa kazi hii, nikawaita Kindness na Jesse stoo. Niliwaambia tu kwamba ni ndugu yangu, anamsalimia mama yake, na sauti inahitaji kusafishwa.

Baba mdogo, nitakueleza kama ilivyo. Unaanza chini, kama mtu aliye ndani ya pipa. Ukifika kwenye neno "Mama" unapasuka, taa nyekundu zote. Halafu unashuka tena mpaka kama unanong'ona, na pikipiki inapita juu yako. Jesse aliuliza, "Mwalimu, huyu anamgombeza nani?"

Walifanya kazi hadi saa ya kufunga shule. Wakashusha palipopasuka, wakapandisha palipozama, pikipiki wakaipunguza. Jesse alitaka kuweka biti, tukamkatalia. Halafu akataka kuinyoosha sauti yote iwe sawa, na hapo Kindness akamshika mkono. "Ukiinyoosha yote atakuwa mtangazaji wa redio. Mama yake hatamjua." Wakabishana. Wakaacha pumzi zako zote. Wakaacha na "Mama" ibaki kubwa kuliko maneno mengine, ila isichanike.

Ijumaa tulibeba kompyuta mpaka nyumbani. Bibi alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nikamvika hedifoni juu ya kilemba. Tukabonyeza. Alisikiliza kisu kikiwa mkononi.

"Rudisha," akasema.

Tukarudisha. Unakumbuka ulichosema? "Mama, shikamoo. Ni mimi Ildefonce. Nipo Tabora. Ninakula vizuri. Usiniombolezee." Akasema rudisha tena, na tena, mpaka Jesse akamwonyesha pa kubonyeza, akawa anarudisha mwenyewe.

Mwisho akavua hedifoni. "Ni yeye. Mbona anaongea hivyo?"

Ulinikataza kumwambia, baba mdogo, na nilikuwa natafuta uongo wa kumpa. Kindness akanitangulia. Hakuwa ameambiwa na mtu. "Bibi," akasema, "hajisikii anapoongea. Mtu anayejisikia akipanda hivi hujishusha mwenyewe. Yeye hashuki. Nadhani hasikii kabisa."

Bibi akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

Akamaliza ndizi zote, akaosha mikono, akavaa viatu vya kanisani, akashuka kwa Katekista Thadeus kukutoa. Katekista akamwambia majina yameshachapwa na kubanwa pini, yako kwa Padri. Bibi akarudi.

Jumamosi, tarehe mbili, kanisa lilijaa. Majina yakaanza kusomwa, marehemu wa vijiji vyote, watu wameinamisha vichwa. Babu akasomwa. Kisha Katekista akasoma, "Ildefonce."

Bibi akasimama. "Huyo yuko Tabora!"

Kanisa zima likageuka. Katekista akamtazama Padri, Padri akamtazama Bibi. Bibi akaongeza, kwa sauti ileile, "Anakula vizuri!" Akakaa. Padri akasema tumshukuru Mungu, na watu wakaitikia, wengine kwa mazoea. Majina yakaendelea.

Tulipofika nyumbani akaniambia nichukue kalamu. Haya ni maneno yake, sijaongeza wala kupunguza:

"Ildefonce. Sikio langu la kushoto lilikufa zamani, baba yako akiwa hai. Sijamwambia mtu. Watu wakicheka nami nacheka, na hakuna aliyejua mpaka leo. La kulia nalo linaaga. Njoo Desemba. Tutapigiana kelele."

Mwanao,
Dominika

Tabora, 30 Novemba 2024

Mwanangu Dominika,

Nakuja. Natoka huku tarehe kumi na tisa. Mama Shedrack amefunga asali ya Mama na mzigo mwingine ambao hataki niufungue.

Mwambie Kindness alifanya vizuri kumshika yule mwenzake mkono. Mwambie Jesse nami enzi hizo nilikuwa nataka kuweka biti kila mahali.

Barua yako niliisomea uani, pasi ya mteja mkononi. Mama Shedrack ameniandikia kwamba nilipofika kwenye maneno ya Mama nililia kwa sauti kubwa, hata fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Mimi sikusikia kitu.

Baba yako mdogo,
Ildefonce